Steringi wa Celina Hauzi Kibanja

Mkoa wa Kagera una kesi nyingi za ardhi kuliko migomba, na sioni sababu ya kuona aibu, maana kesi ya ardhi ni dalili kwamba ardhi ipo. Watu wameshtakiana kwa ajili ya mgomba mmoja wa mpakani, kwa ajili ya kaburi linalodaiwa kusogea lenyewe, kwa ajili ya mbuni uliopandwa na marehemu ambaye hakuna anayekumbuka alikuwa ndugu wa nani. Lakini ni familia moja tu ninayoijua, ya marehemu Kahangwa wa Kibeta, iliyogombana miaka nenda rudi juu ya kibanja, yaani shamba la urithi, ambacho hakipo Bukoba, hakipo Muleba, wala hakipo popote duniani isipokuwa ndani ya gemu.

Mlalamikaji ni Celina Kahangwa. Ukipanda kilima cha Kibeta kutoka mjini Bukoba utaliona banda lake la mabati, lina runinga mbili, mashine mbili za gemu, friji ya soda na benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Wateja wake ni vijana wa mpira. Wanakaa pale, wanafungana mabao, wanasemana vibaya kwa sauti ya kirafiki, wanaondoka. Celina anawahudumia vizuri na kuwahurumia.

"Mpira wa dakika chache," husema. "Umefungwa, unaanza tena, hujawa mtu mwingine. Gemu ya kweli unazeeka nayo."

Gemu aliyozeeka nayo yeye inaitwa Taa ya Saba. Ni aina ile ya gemu ambayo unakabidhiwa kijana mmoja fukara na kuambiwa umlee. Unamtafutia viatu, unamtafutia upanga, unazungumza na kila mtu kijijini hata wasio na la maana, na kadiri anavyopigana na kufanya kazi ndivyo anavyopanda leveli na kuwa mtu wa kutisha. Inachukua miezi. Kwa Celina ilichukua ujana wote, na hajutii. Wenzake ujana wao ulichukuliwa na wanaume, na hakuna hata mmoja kati ya wanaume hao aliyefika leveli ya tisini na tisa.

Gemu hiyo iliingia nyumbani kwao kwa njia ya Kanisa. Padri mmoja Mzungu alikuwa anarudi kwao, na Jumapili ya mavuno vitu vyake viliwekwa kwenye mnada wa parokia, pamoja na mikungu ya ndizi na kuku wa waumini. Mzee Kahangwa alishindania boksi moja lenye nyaya mpaka akalipata, akiamini ni stabilaiza ya friji. Hakuwa na friji, lakini alikuwa mtu wa kujiandaa. Boksi lilipofunguliwa ikatoka mashine ya gemu, pedi mbili na diski moja. Mke wake akacheka mpaka akakaa chini. Mzee akasema alijua tangu mwanzo, kwa sababu Mhaya hajawahi kununua kitu bila kukijua.

Wanawe wawili, Celina na mdogo wake Wilbert, wakaanza kucheza. Steringi, yule kijana wa kulelewa, wakampa jina la babu yao, Rwegasira, lakini gemu ya zamani ilikuwa na nafasi ya herufi sita tu, ikamkata. Akawa Rwegas. Rwegas alikuwa yatima. Baba yake alimwachia shamba kando ya ziwa, na kaburi la baba lilikuwa nyuma ya nyumba, jiwe dogo la kijivu. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa saba zilizozimwa na mchawi. Tatu zilikuwa bara. Ya nne ilikuwa kisiwani, na hapo ndipo matatizo yote ya ukoo wa Kahangwa yalipoanzia.

Ili kufika kisiwani unahitaji boti, na boti alikuwa nayo mtu mmoja tu, tajiri mnene mwenye kofia. Hakuwa anataka fedha. Alikuwa anataka shamba. Alikuja mlangoni na swali moja: utabadilishana, ndiyo au hapana? Dunia nzima ilibonyeza ndiyo, ikapanda boti, ikaenda zake. Celina, aliyekuwa na miaka kumi na minne na fundisho la kipaimara bado likiwa la moto kichwani, akabonyeza hapana. Tajiri akaenda, akarudi. Hapana. Akaenda, akarudi. Hapana. Kibanja cha baba, chenye kaburi la baba, ukibadilishe na boti? Hata kwa kuchezea, mkono ulimkataa.

Basi Jumapili moja, Celina akiwa kanisani kwenye kwaya, Wilbert akajifanya anaumwa tumbo. Alipobaki peke yake akawasha mashine na kubonyeza ndiyo. Akavuka ziwa, akaiwasha taa ya nne, akasevu juu ya ile ya dada yake. Celina aliporudi alikuta ghala la tajiri limesimama pale lilipokuwa jiwe la kijivu. Wilbert alikimbia kwa miguu kuelekea Rubafu kwa shangazi yao, na inasemekana mwiko uliorushwa siku ile ulimfuata mpaka barabarani.

Mzee Kahangwa alisikiliza kesi hiyo jioni, kama alivyozisikiliza kesi zote, akiwa na mrija wa lubisi, pombe ya ndizi, mdomoni. Alisikiliza upande wa mlalamikaji. Alisikiliza upande wa mshtakiwa, aliyeletwa kutoka Rubafu ameshikwa sikio. Kisha akatoa hukumu.

"Kibanja ni kibanja," alisema, "hata kikiwa ndani ya kioo. Mtoto anayeuza cha kwenye kioo anajizoeza."

Tangu hapo Wilbert akaitwa Muuza Makaburi, na Celina akaanza gemu upya. Hakuuza. Alilima viazi, akaua mbwa mwitu na majoka, akapanda leveli mpaka zikaisha, na hakuvuka. Rwegas wake akawa mtu mwenye nguvu kuliko jeshi la nchi nzima, amesimama ufukweni na jembe. Pale ufukweni kulikuwa na wavuvi, ukiwagusa wanasema sentensi moja tu, "Ziwa limechafuka leo," siku zote, hata siku ya jua. Celina akaacha kuwagusa. Na hata bila gemu, mtoto wa Kahangwa angezungumza nini na watu wa mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga? Nyumbani kwao mvuvi alikuwa ni mtu wa kununuliwa samaki. Hana kibanja, hana mgomba, akifa anazikwa kwa watu. Hayo hayakuwa matusi, waliyasema kwa huruma kabisa, ambayo ni mbaya zaidi.

Miaka ikapita kama inavyopita. Mzee Kahangwa akafa, akazikwa nyuma ya nyumba katikati ya migomba, kaburi la vigae vyeupe. Kabla ya kufa aliita wazee wa ukoo na kutamka kwamba kibanja ni cha watoto wake wote wawili, na hakuna atakayekiuza bila neno la mwenzake. Wazee walishtuka kidogo kusikia mtoto wa kike anatajwa. Sheria ilikuwa imebadilika zamani, ila habari hizo zilikuwa bado hazijafika kwenye ukoo. Celina akabaki Kibeta na banda lake. Wilbert, aliyekuwa ameacha chuo cha uhasibu kwa sababu ambazo kila aliyeacha chuo anazo na haziulizwi, alienda visiwani Muleba. Nyumbani alisema ameenda kufanya biashara ya samaki. Akaja kuwa mfanyabiashara kweli, mwenye simu mbili na kitambi cha kuanzia.

Mwaka huu, msimu wa senene, akaja.

Alikuja mwezi ukiwa mpevu, maana wakati huo wavuvi wa dagaa hupumzika. Dagaa hufuata taa kwenye giza, na mwezi ukiwaka hakuna dagaa mwenye akili atakayeihangaikia taa ya mtu. Aliongozana na mwenzake Mayunga, Msukuma mrefu asiye na haraka, ambaye walitumia naye boti moja yenye injini moja. Walileta gunia la dagaa. Celina aliwakaribisha bandani, hatua chache kutoka nyumba ya baba, kwa kahawa ya kutafuna, ndizi na senene, na walipomaliza kula Wilbert akajikohoza.

"Dada, tuongee kama watu wazima."

"Mtu mzima wa nyumba hii amelala hapo nyuma. Nenda kaongee naye."

"Kuna mtu kutoka Mwanza. Anataka kujenga loji. Kibanja chetu kinaona ziwa, dada. Kuona ziwa siku hizi ni biashara."

"Baba aliliona bure maisha yake yote na hakuwahi kulalamika."

"Mimi nahitaji injini yangu. Siwezi kuzeeka nategemea injini ya Mayunga."

"Hata mimi nimechoka kukutegemeza," akasema Mayunga, akichukua senene.

"Na baba?" Celina akauliza.

"Kaburi hawataligusa. Watalizungushia maua. Wageni watakaa pale wanywe kahawa, wapige picha."

"Baba yangu awe mandhari."

Macho ya Wilbert yakaangukia kwenye runinga. Siku zile Celina alikuwa amepata kitu kikubwa. Waliotengeneza Taa ya Saba walikuwa wameitengeneza upya, kuanzia msingi hadi paa, na fundi mmoja wa mjini alikuwa amempakilia. Pale kwenye skrini kijana alikuwa amesimama kwenye mvua, na mvua ilikuwa inalia kwenye majani kama ya Kibeta.

"Hii siyo ile," Wilbert akasema.

"Ndiyo ile. Wameikarabati."

Alimwonyesha kwa fahari ya mtu anayemtembeza mgeni nyumba mpya. Watu sasa wana sauti. Nyasi zinalala mtu akipita. Jina linaingia lote, steringi ameandikwa Rwegasira, na hakuna tena wa kumkata. Jembe linainua udongo. Kaburi la baba lina majani yaliyoota pembeni na unaweza kuyang'oa, na Celina huyang'oa kila anapowasha mashine kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba shamba lote ni ngano. Mtu mwenye akili, alisema, angeweka walau migomba michache ya kukinga upepo.

"Na tajiri?" Wilbert akauliza.

"Yupo. Sasa anaongea. Sauti yake kama ya mgombea."

"Basi utauza tu." Wilbert akacheka. Alikuwa amerudi kuwa na miaka kumi na mitatu. "Wamepaka rangi, dada. Anayepaka rangi hagusi msingi. Pale ziwani njia ni moja na dunia nzima imeipita."

"Dunia nzima haikulelewa na Kahangwa. Mtu akikarabati nyumba anaziba matundu. Njia watakuwa wameiweka."

"Huna uhakika."

"Ninao."

Ndipo likasemwa neno ambalo kwa ukoo mwingine wowote lingekuwa utani. Wilbert alisema kwamba kama Celina atafika kwenye taa ya nne bila kuuza shamba la steringi, yeye hatalitaja tena neno kuuza mpaka azikwe nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Lakini akishindwa kabla giza la mwezi halijarudi na wavuvi kurudi kazini, basi Celina atatoa neno lake mbele ya ukoo na loji itajengwa.

Mayunga aliacha kutafuna. "Mnaweka shamba la kweli kwa shamba la gemu?"

"Tofauti yake ni nini?" Celina akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Kauite ukoo, Wilbert."

Ukoo ulikuja kwa umbo la Ta Mutembei, baba yao mdogo, mwenyekiti wa vikao vyote na mwenye kofia ya vikao vyote.

"Mmeniitia kesi au mmeniitia sinema?" aliuliza mlangoni.

"Vyote viwili, waitu," akasema Celina kwa heshima.

"Basi lubisi iwe ya vyote viwili."

Alielezwa masharti. Kila mtu alitegemea angekasirika, afukuze watu, ataje laana. Kumbe jambo lilimwingia akilini bila shida yoyote; kwake lilikuwa shauri la kawaida la mirathi ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa na majoka. Alivuta kiti karibu na runinga na kuanza kuhoji.

"Huyu kijana hana baba wadogo?"

"Hana, waitu."

"Baba amekufa, tajiri anakuja kununua, na hakuna mtu wa ukoo hata mmoja anayekohoa?"

"Ni gemu ya Wajapani."

"Wajapani hawana ukoo?"

"Wanao. Hawakuuweka humu."

"Hapo ndipo walipokosea," akasema Ta Mutembei, na akainama kwenye mrija akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kuipata hukumu.

Celina alicheza kwa siku zile kama mtu anayelima shamba analolijua. Vijana wa mpira walihamishiwa kwenye runinga ya pili. Taa ya kwanza, ya pili na ya tatu ziliwaka bila jasho, maana majoka aliyajua kwa tabia zake, hata yalipoongezewa magamba na manyoya. Kila jioni Wilbert alikuja kuangalia na kila jioni alisema, "Tutakutana ziwani."

Wakakutana ziwani. Tajiri alikuja mlangoni, safari hii na pete na harufu ya manukato ambayo karibu uisikie, akasema kwa sauti nzito kwamba marehemu alikuwa rafiki yake sana. Ta Mutembei akaguna. Ndiyo au hapana? Hapana. Tajiri akarudi na boti kubwa zaidi. Hapana. Akarudi na boti yenye tanga jekundu na kichwa cha ndege kilichochongwa mbele.

"Ni boti nzuri lakini," akasema Ta Mutembei.

"Ta Mutembei."

"Nimesema ni nzuri. Sijasema tuuze."

Celina alijaribu kila kitu. Alimwogelesha Rwegasira, akazama na kurudishwa ufukweni amelowa. Alikata miti atengeneze chelezo, miti ikakubali kukatwa ikakataa kufungwa. Alilima, akavuna, akalima tena, akitumaini mavuno makubwa yatafungua mlango wa siri. Alizungumza na mbuzi. Mwezi ulikuwa unakatika. Kila jioni ulichelewa zaidi kutoka, na Mayunga alikuwa ameanza kukunja vitu vyake. Mnunuzi wa Mwanza alimpigia Wilbert mara kwa mara, na Wilbert alitoka nje kuongea kwa sauti ya mtu mwenye habari njema. Hata hivyo Celina hakutetereka. Ukimuuliza, alisema njia ipo, ni yeye tu hajaiona, kama vile mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mchana wa mwisho mvua ilikuwa inapiga mabati. Kemondo kulikuwa na boti ya kuwarudisha wavuvi visiwani baadaye siku hiyo. Ta Mutembei alikuwa kwenye kiti chake, Mayunga mlangoni na begi, Wilbert kwenye benchi nyuma ya dada yake. Rwegasira alikuwa anatembea ufukweni, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akipita kando ya kundi la wavuvi waliokuwa wanavuta wavu. Katika gemu ya zamani walikuwa vijiti vitatu visivyotikisika. Hapa walikuwa na migongo, na migongo ilikuwa inafanya kazi.

"Mbona unawapita?" Wilbert akauliza.

"Kina nani?"

"Hao."

"Hao ni wavuvi."

Mayunga alinyoosha mguu akamgusa Wilbert kisigino. "Nyamaza wewe. Unashinda."

 Rwegasira akapita tena. Wilbert akakuna shingo, akaangalia mabati, akaangalia simu yake, akaangalia skrini. Wale wavuvi walikuwa wanavuta, na wavu ulikuwa unaegemea upande mmoja, kamba moja ikiburuzika kwenye mchanga bila mtu. Waliouchora walikuwa wanajua wanachochora. Rwegasira, upanga mgongoni, buti hadi magotini, akairuka ile kamba kama mtu anayeruka kinyesi cha ng'ombe.

"Ah," Wilbert akasema, kama amekanyagwa. "Dada. Wavu una nafasi."

"Nafasi gani?"

"Ile kamba haina mtu. Watu watatu hawavuti wavu ule, utapasuka. Wamemwachia. Mwambie aombe kazi."

Celina akageuka. "Kazi? Rwegasira ana shamba. Ana upanga wa radi. Aombe kibarua kwa wavuvi?"

"Haiwezekani," Ta Mutembei akaunga mkono.

"Ndiyo maana hajavuka," akasema Wilbert. "Na hawatamchukua hivyo. Mvue buti. Upanga auache nyumbani, hakuna mtu anayepandisha mtu na panga kwenye mtumbwi. Na asiseme neno. Ashike kamba kwanza. Ukiongea kabla hujashika kamba wanakuona mpelelezi wa kodi."

Mvua ilikuwa kubwa, lakini kila mtu alisikia. Mayunga alifunika uso kwa mkono.

"Umeyajulia wapi hayo?" Ta Mutembei akauliza.

 Kitambi cha Wilbert, simu zake, vyote vilionekana kama vya kuazima.

"Mlidhani nilifikaje kule?" akasema. "Mtaji nilikuwa nao wapi? Nilisimama mwalo wa Kemondo na suruali ya pasi na viatu vya usaili. Niliwaambia nimesomea uhasibu. Walipita kama vile mimi ni nguzo. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Halafu nikavua viatu nikashika kamba."

"Ukavuta nyavu za watu," Ta Mutembei akasema polepole. "Mtoto wa Kahangwa."

"Nyavu za huyu." Akamwonyesha Mayunga kwa kidevu. "Alikuwa nahodha."

"Alikuwa anavuta vibaya," akasema Mayunga. "Mikono laini kama ya padri. Lakini hakuongea."

Celina alikuwa ameshika pedi bila kuibonyeza. Miaka yote hiyo alikuwa anawaambia wateja kwamba mdogo wake alienda kisiwani na mtaji, na alikuwa anaamini. Alimwangalia Wilbert mikono, ambayo alikuwa hajawahi kuiangalia tangu siku ya mwiko. Kisha akageukia runinga.

Akamrudisha Rwegasira nyumbani. Akaweka upanga ndani. Akamvua buti. Steringi wa leveli zote, muuaji wa majoka, akatoka peku kwenye mvua, akapita kaburi la baba yake, akateremka ufukweni, na Celina akamsimamisha kwenye ile kamba na kubonyeza mara moja.

Rwegasira akainama akavuta. Wavuvi hawakusema ziwa limechafuka. Hawakusema kitu. Walivuta naye wavu mpaka samaki wakamwagika mchangani, na mzee wao akamgeukia akamwambia, kwa sauti ya mtu ambaye amekuwa akimsubiri tangu gemu ya kwanza itengenezwe: "Kesho tunavuka. Njoo mapema, na usilete maneno."

 Vijana wa mpira walikuwa wamesimamisha mechi yao bila kuambiwa. Mtumbwi uliochoka, wa viraka, ukaingia majini na Rwegasira akiwa anachota maji kwa kopo. Ile boti ya tanga jekundu ilibaki imefungwa nyuma yao, ikazidi kuwa ndogo. Kisiwa kikaja. Taa ya nne ilikuwa juu ya mwamba, ikawashwa, na shamba upande wa pili wa ziwa lilikuwa bado la mwenyewe.

"Basi," akasema Ta Mutembei, akiweka kibuyu chini. "Ukoo umeona."

"Umejizamisha mwenyewe," Mayunga akamwambia Wilbert. "Nilikupiga teke."

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini?"

"Ningemwacha anaruka kamba vile? Mbele yangu?" Wilbert akatikisa kichwa. "Kuna vitu havitazamiki."

Simu yake ikalia. Alikuwa mnunuzi. Hakutoka nje safari hii. "Ndiyo, mheshimiwa... Hapana, hakiuzwi tena... Hapana, si bei... Ni kwamba nimeshindwa gemu." Akasikiliza kidogo. "Gemu, ndiyo. Ya runinga." Akaiangalia simu. "Amekata. Anadhani nimelewa."

"Injini utaipata kama wenzako wanavyoipata," akasema Mayunga. "Polepole, huku unanitumikia."

"Wewe kavute kiti," Celina akamwambia. "Wilbert, njoo ukae hapa mbele. Huku kisiwani mimi sipajui."

"Boti ya Kemondo itatuacha."

"Inaondoka jioni. Hapa nimfunge wapi mtumbwi, kwenye hili jiwe?"

Wilbert akahamia mbele. Akaangalia skrini kwa jicho la mtu wa kazi. "Jiwe hilo litakata kamba. Uvute mpaka mchangani, kisha uulaze ubavu."

"Nibonyeze nini?"

"Nipe pedi."

"Sikupi pedi. Mara ya mwisho ulipopewa pedi tulijenga ghala juu ya kaburi. Sema kwa mdomo."

"Kushoto, basi. Kushoto, dada. Kwani kushoto kwa Kibeta kuko wapi?"